Kitabu cha Mtandaoni Kina Foleni. Nani Aliiweka?

Kuna ujumbe mmoja kwenye maktaba za vyuo ambao unaudhi kuliko zote. Umetafuta kitabu, umekipata, umebonyeza, halafu unaambiwa kinasomwa na mtu mwingine, jaribu baadaye. Hebu fikiria hiyo kitu polepole. Hiki si kitabu cha karatasi ambacho komredi fulani amekificha nyuma ya rafu za sheria na yeye anasomea kemia. Hii ni faili. Unaweza kuitoa kopi elfu kabla chai yako ipoe. Sasa foleni imetoka wapi?

Nimefuatilia, na jibu linaanza mbali sana na kompyuta. Linaanza Marekani kabla hata ya vita vya kwanza vya dunia. Kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ilitoa riwaya inaitwa The Castaway, na ndani ikaweka onyo kwamba yeyote atakayeuza kitabu hicho chini ya dola 1 amevunja hakimiliki. Duka la Macy's la New York likasoma onyo, likauza kwa senti 89. Wakapelekana kortini hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 mahakama ikaamua hivi: ukishauza nakala, umeuza. Huwezi kumfuata mnunuzi nyumbani ukimwambia atafanya nini nayo.

Maktaba za huko zimesimama juu ya wazo hilo kwa zaidi ya karne moja. Zinanunua kitabu mara moja, zinamwazima zinayemtaka, kikichanika zinakishona. Mchapishaji hana usemi tena.

Halafu ikaja kompyuta. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alikaa chini akachapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye mashine kubwa ya chuo. Huo ndio mwanzo wa Project Gutenberg. Hart aliona kwamba maandishi yakishaingia kwenye kompyuta yanaweza kumfikia kila mtu bila kikomo na bila malipo. Kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuchapa vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha.

Wafanyabiashara walipoingia, hesabu ikabadilika. Mwaka 1998, mjini Boulder, Colorado, ilianzishwa kampuni ya netLibrary, na soko lake lilikuwa maktaba. Tatizo lilikuwa wachapishaji. Wao waliogopa kitu kimoja: tukiuzia chuo chenye wanafunzi 20,000 faili moja, nani atanunua ya pili? Kwa hiyo netLibrary ikakubali kuigiza karatasi. Nakala 1, msomaji 1. Mtu akiichukua, wengine wangoje airudishe. Yaani umevumbua gari, halafu unalifunga kamba livutwe na punda ndio wenye punda wasikasirike.

Kampuni yenyewe iliishiwa pesa haraka. Januari 2002 ikanunuliwa na OCLC, ambalo ni shirika la ushirikiano wa maktaba, na 2010 OCLC ikaiuza kwa EBSCO. Foleni ikanunuliwa pamoja na mali nyingine.

Wengine walijaribu njia tofauti. ebrary, iliyoanzishwa 1999, iliwapa maktaba maelfu ya vitabu ambavyo watu wengi wangeweza kusoma kwa wakati mmoja. Tamu, si ndiyo? Ila hiyo ilikuwa kodi ya mwaka. Ukiacha kulipa, rafu nzima inazima kama stima tokeni ikiisha. Na hapa ndipo ile kesi ya 1908 ilikosa nguvu, kwa sababu mahakama ilizungumzia nakala iliyouzwa. Kwenye mkataba wa kukodi hakuna kilichouzwa. Mwenye kitabu anaweza kuandika anachotaka: nani asome, kurasa ngapi zichapwe, hadi lini.

Huku kwetu hadithi iliingia kwa mlango mwingine, na mlango huo unaitwa njaa ya vitabu. Miaka ya 80 na 90, masharti ya Benki ya Dunia na IMF yalibana serikali, nayo serikali ikabana vyuo. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu Kenya wakaanza kuchangia gharama za masomo. Kitabu cha udaktari kinauzwa kwa pauni au dola, na shilingi inaanguka. Muulize mtu yeyote aliyesoma wakati huo kuhusu ile kaunta ya kuazima kitabu kwa saa chache, darasa zima linangojea nakala mbili, na biashara ya fotokopi inanawiri ng'ambo ya barabara. Majarida ya kilimo yalikuwa yanasafirishwa kwa masanduku ya CD kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, mradi wa TEEAL ulioanza 1999. Masanduku! Na watu walishukuru.

Kwa hiyo vifurushi vya mtandaoni vilipokuja, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusoma mkataba na kukataa. Ukiwa na njaa huulizi sahani ni ya nani. Shirika la INASP la Uingereza lilisaidia kupata bei nafuu, na mwaka 2003 maktaba zetu zikaunda KLISC, muungano wa kulipia pamoja. Hii nataka niisifu vizuri kwa sababu hakuna anayeisifu. Ni chama tu, kama vile vya mama zetu. Kila chuo kinatoa mchango, chama kinaenda kupiga bei, na chuo kidogo cha mashinani kinasoma kitu kilekile kinachosomwa na chuo kikubwa cha Nairobi. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikaanza kufanya kazi Mombasa, na vitu vilivyokuwa vinachukua nusu saa kufunguka vikaanza kufunguka.

Lakini chama cha mama kikichanga miaka kumi, utaona tenti, viti na sufuria. Hiki chetu, kwa sehemu kubwa, kimekuwa kikichanga kodi.

Mimi niliacha chuo, na kabla muhula uishe paswadi yangu ilikuwa imekufa. Simlaumu mkutubi. Mikataba hii huorodhesha wanaoruhusiwa, na kwa kawaida ni mwanafunzi na mfanyakazi wa chuo. Zamani, msomaji wa nje angebisha hodi, alipe kitu kidogo, akae na kitabu cha karatasi siku nzima. Nesi wa kaunti aliyehitimu juzi anahitaji vitabu leo kuliko alivyovihitaji darasani, na ndiye wa kwanza kufungiwa. Kwa hiyo anaenda kwa zile tovuti za bure ambazo sitazitaja hapa.

Na usidhani walio ndani wako salama. Mwishoni mwa Agosti 2022, masomo yakikaribia kuanza huko Marekani na Uingereza, Wiley iliondoa zaidi ya vitabu 1,300 kwenye kifurushi ambacho maktaba zilikuwa zimelipia kupitia ProQuest. Wahadhiri walikuwa wameshavipanga kwenye kozi. Watu walipiga kelele, Wiley ikavirudisha kwa muda. Februari 2025, Clarivate, inayomiliki ProQuest siku hizi, ikatangaza kwamba itaacha kuuzia maktaba vitabu vya kununua mara moja na kuweka milele. Itabaki kukodisha. Kelele tena, na wakasogeza tarehe hadi Juni 2026. Kusogeza tu.

Kuna njia nyingine, na hazihitaji muujiza. Tangu 2012 kuna orodha ya DOAB yenye vitabu vya kitaaluma vya kusoma bure kihalali, na wachapishaji wengine bado huuza faili isiyo na kufuli ambayo maktaba inaihifadhi yenyewe. Chama chenye vyuo vingi hivyo kina uwezo wa kudai hilo mezani.

Kwa hiyo kama wewe ni mkutubi na unasoma hii, naomba hesabu moja tu: kati ya vitabu vya mtandaoni mnavyolipia, ni vingapi vitabaki kwenu mkikosa kulipa mwaka mmoja? Nitumie, hata bila jina la chuo. Nitaweka majibu yote hapa.