Habari za Umeme wa Kusugua, tangu Kaharabu hata Kompyuta

Wasomaji wetu wakaao nyanda za juu walijua jambo hili tangu utoto: katika miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi na ukavu, mtu akivua sweta ya nailoni gizani husikia mlio kama wa chumvi motoni, na pengine huona vimulimuli vya mwanga. Kisha akigusa kitasa cha chuma, kidole chake hushtuka. Watu wa pwani hawalioni sana, kwa kuwa hewa yao ina unyevu, na umeme huo hupotea upesi. Wengi hucheka tu wakapita. Walakini cheche hiyo ina historia ndefu, nayo katika siku zetu imekuwa adui wa vyombo vya nyumbani, redio na simu na kompyuta, kwa namna ambayo walioichunguza kwanza hawakuiwaza.

Habari yaanza na kaharabu. Kaharabu si jiwe, bali ni utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka kuwa mgumu, nayo hufanyizwa shanga na tasbihi. Yasemekana Mgiriki Thales, wa mji wa Mileto, yapata miaka 600 kabla ya Kristo, alijua ya kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta manyoya na makapi. Waajemi waliipa jina lenye maana ya mnyang'anyi wa majani makavu, ndilo lililotufikia sisi kwa njia ya Waarabu. Na Waarabu wenyewe hata leo huuita umeme kwa jina hilo. Wagiriki waliiita elektron, na kwa neno hilo tabibu Mwingereza William Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1600, alitunga jina ambalo mataifa ya Ulaya hulitumia. Hivyo Mashariki na Magharibi wote wameuita umeme kwa jina la utomvu. Sisi katika Kiswahili tumeuita kwa jina la mwali wa mawinguni, na tutaona kwamba hatukukosea.

Baada ya Gilbert, meya wa mji wa Magdeburg, Otto von Guericke, alifanya tufe la kiberiti, akawa akilizungusha na kulisugua kwa mkono ili kupata nguvu hiyo kwa wingi. Katika mwaka 1729 Mwingereza Stephen Gray aligundua ya kuwa nguvu hiyo yaweza kusafiri mbali kwa uzi. Lakini mpaka hapo ilikuwa kama mchezo, haikumwumiza mtu.

Mambo yaligeuka katika majira ya baridi ya mwaka 1745 na 1746. Ewald von Kleist huko Pomerania, na baada yake kidogo Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, walijaribu kuutia umeme ndani ya chupa ya maji kwa msumari au waya. Mwenye kushika chupa kwa mkono mmoja na kugusa ule waya kwa mkono wa pili alipigwa pigo la kumtikisa mwili mzima. Sababu yake ni kwamba umeme ulikusanyika ndani ya chupa, na mwenzake ulio kinyume chake ukakusanyika nje penye kiganja, kioo kikiwatenga. Wakapata njia ya kukutana katika mwili wa yule mtu. Musschenbroek aliandika kwa rafiki yake wa Paris kwamba hata kwa ufalme wote wa Ufaransa asingekubali kupigwa mara ya pili.

Wengine hawakuwa na hofu hiyo. Mwaka uleule wa 1746 Padre Jean-Antoine Nollet aliwapanga askari 180 wa mfalme wa Ufaransa, wameshikana mikono, akaupitisha umeme wa chupa moja. Wote wakaruka pamoja, mfalme akitazama. Twadhani askari wale hawakufurahi kama mfalme.

Benjamin Franklin wa Amerika ndiye aliyesema ya kwamba radi na cheche ya chupa ni kitu kimoja. Mnamo Mei 1752 Wafaransa, kwa shauri lake, walisimamisha fimbo ndefu ya chuma huko Marly, wakapata cheche kutoka katika wingu. Mwaka uliofuata Georg Richmann alitaka kuupima umeme wa namna hiyo huko Petersburg, nyumbani mwake, wakati wa tufani. Radi ikaja kwa fimbo yake, ikampiga kichwani, akafa papo hapo.

Tangu hapo watu walijua kuuogopa umeme mkubwa. Ule mdogo wa kusugua walisahau, wala redio za zamani, zenye valvu za kioo, hazikuujali. Lakini mwaka 1947 transista ilipatikana katika maabara ya Bell, Marekani. Na humo humo mwaka 1959 Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, walifanya transista ya namna mpya, ambayo leo simu moja ina mamilioni kwa maelfu ya chembe zake zilizobanwa pamoja. Ndani yake umo utando wa namna ya kioo, mwembamba mara maelfu kuliko unywele. Sasa mtu aliyetembea juu ya zulia kavu ndiye amekuwa chupa ya Leiden: umeme umo mwilini mwake, naye hana habari. Cheche isipofika volti 3,000 hivi, mtu haisikii. Lakini viko vipande vya kompyuta viharibikavyo kwa volti 100 tu. Cheche hutoboa ule utando, na pengine huudhoofisha tu, chombo kikafa baada ya miezi mingi.

Twakiri kwamba sisi wenyewe tuliifungua kompyuta ya shule mwezi wa Julai, tumevaa sweta, ili kuiongezea kipande cha kumbukumbu. Hatukuona cheche wala kusikia kitu. Haikuwaka tena. Fundi alipokuja hakuweza kuthibitisha kilichoiua, ila aliuliza kama tulishika chuma cha sanduku kwanza. Hatukushika. Akatueleza kwamba viwandani wafanyakazi huvaa ukanda wa mkononi wenye waya uendao ardhini, ili umeme wa mwili utoke polepole. Yeye hakuwa na ukanda. Alipotia kipande kingine, mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya chuma kitupu cha sanduku tangu mwanzo hata mwisho.