Asili ya Maneno Mawili Madogo ya Kiingereza

Kila aanzaye kujifunza Kiingereza hukutana na maneno mawili madogo yamsumbuayo: "the" na "a". Je, yalitoka wapi?

Zamani za Mfalme Alfred wa Waingereza, aliyefariki mwaka 899, majina ya lugha ile yalikuwa ya aina tatu. Jua lilihesabiwa kuwa la kike, likaitwa "seo sunne". Mwezi ulikuwa wa kiume, "se mona". Bali "wif", maana yake mwanamke, halikuwa jina la kike wala la kiume, likatanguliwa na "thaet". Maneno hayo matatu yalikuwa ya kuonyesha, kama "yule" na "lile" kwetu. Baadaye miisho ya maneno ikapukutika, aina zile zikasahauliwa, na mahali pa yote likasimama "the" moja tu.

Na "a" asili yake ni "an", yaani moja. Lilipofupishwa, watu walikosea mpaka wake: nyoka aliyeitwa "nadder" akawa "adder", kwa kuwa "a nadder" ilisikika kama "an adder".

Basi, ndugu msomaji, wasemao kwamba lugha yetu ni maskini kwa kukosa maneno hayo hawakuitazama vema. Msimulizi wetu husema, "Palikuwa na mzee mmoja", kisha, "Mzee yule akaondoka." "Mmoja" humleta asiyejulikana bado; "yule" humrudia aliyekwisha tajwa. Ndiyo kazi ya "a" na "the". Tofauti ni kwamba sisi twaweza kuyaacha, Mwingereza mara nyingi hawezi. Mwanafunzi na aanzie hapo.