Beni: Konokono wa kale wanavyotoa umri wa mawe ya Semuliki

Ishango, wilayani Beni, ndipo mto Semuliki unapotoka katika ziwa Edouard. Mvua ikikata kingo zake, hutokea magamba ya konokono na mifupa ya samaki iliyogeuka mawe. Mpita njia huona takataka za ziwa, lakini kwa wataalamu wa miamba hiyo ni kalenda.

Kalenda hii ilisomwa kwanza kwa viumbe vya bahari. William Smith, mpima ardhi Mwingereza aliyefanya kazi kwenye mifereji, aligundua kwamba kila tabaka la mawe lina viumbe vyake, na kwamba mpangilio wao ni uleule kutoka eneo moja hadi jingine. Mwaka 1815 alichapa ramani ya miamba ya nchi yake. Viumbe vya bahari vilifaa sana kwa sababu vilienea mbali, kisha aina moja ikatoweka na nyingine ikashika nafasi yake. Huko Tendaguru, kusini mwa Tanzania, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Matabaka yenye mifupa hupishana na yale yenye kome wa baharini, na kome hao walisaidia kujua kwamba mifupa ina karibu miaka milioni 150.

Bonde la Semuliki lilikuwa na ziwa, si bahari. Hivyo wataalamu walitumia konokono wa maji baridi, samaki, na zaidi nguruwe na tembo wa kale, ambao meno yao yalibadilika upesi. Huko Omo, Ethiopia, na Turkana, Kenya, wanyama kama hao wamelala kati ya majivu ya volkano yanayoweza kupimwa umri. Kwa kulinganisha meno na meno, matabaka ya kale ya Semuliki yalipewa miaka inayokaribia milioni 2 au zaidi.

Lakini kalenda hii ina mitego. Huko Senga, karibu na Ishango, miaka ya 1980 zilipatikana zana za mawe pamoja na mifupa ya umri huo. Baadaye wengine waliuliza: je, maji hayakusomba vitu vya nyakati tofauti na kuvichanganya?

Ishango yenyewe ilichimbwa na Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950. Hapo ndipo ulipotoka mfupa maarufu wenye alama za kuchanjwa, uliohifadhiwa Brussels hadi leo. Magamba ya konokono yalipopimwa kwa kaboni yalitoa zaidi ya miaka 20,000. De Heinzelin hakuamini, kwa kuwa maji ya ziwa huweza kubeba kaboni ya zamani na kuzidisha umri. Yeye alikadiria miaka isiyofika 11,000. Uchimbaji mpya wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba konokono hawakudanganya sana: wavuvi wa Ishango waliishi hapo miaka 20,000 hivi iliyopita, au zaidi.

Familia nyingi zilizokimbia bonde la Semuliki zinaishi leo Beni, Butembo na Oicha, mbali na mashamba yao. Historia ya ardhi hiyo imebaki chini, tabaka juu ya tabaka. Gamba au mfupa ukiokotwa na kubebwa nyumbani, hupoteza tabaka lake, na pamoja nalo umri wake. Anayeuona afadhali auache palepale na kuonyesha walinzi wa hifadhi ya Virunga.