Mnahama na Jeshi? Hivi Ndivyo Unauza Ndai Bila Kuacha Jina Lako Pumwani

Signali ikitoka, haiulizi kama umeuza gari. Mzee anaambiwa anatakikana Laikipia Air Base kule Nanyuki, ama Mtongwe upande wa Likoni, ama Manda huko Lamu, na mna wiki chache tu za kufunga vitu, kutafutia watoto shule na kurudishia landlodi keja yake. Na hapo nje kando ya ukuta kuna ile Fielder yenye mmelipia parking ya usiku miaka yote hii.

Kama mnakaa California, Biafra ama hizo fleti za karibu na General Waruinge, hii stori unaijua. Moi Air Base iko hapo Eastleigh na si kila familia ya soja inakaa ndani ya kambi. Hizi pande zimezoea watu wa jeshi toka kitambo. Hata jina Kariokor lilitoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Uingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hivyo usishangae broka wa mtaa akinusa kwamba mnahama kabla hata hamjatoa kabati nje.

Wengi watakuambia shida kubwa ni bei. Mimi nakataa. Ukipoteza thao thelathini kwa bei utaumia mwezi mmoja halafu usahau. Shida kubwa ni jina. Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 8, inasema mtu mwenye gari limesajiliwa kwa jina lake anachukuliwa kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vingine. Soma tena hapo mwisho. Kazi ya kuthibitisha ni yako, na wewe uko Manda.

Jirani yetu mmoja alichezwa hivyo. Aliuza Probox wiki ya kuondoka, akapewa doh yote keshi, akaambiwa "usijali afande, transfa nitafanya nikitulia." Miezi kadhaa baadaye makarao walibisha kwa mamake wakitafuta mwenye hiyo Probox, ju iligonga mtu wa boda na dereva akatoroka. Masa wa watu alikuwa anajua tu kijana wake aliuza gari. Aliuza kwa nani, lini, na karatasi iko wapi? Hakuna. Ilibidi jamaa aombe ruhusa kazini arudi Nairobi kujieleza.

Na hiyo ilikuwa ajali tu. Kumbuka 15 Januari 2019, shambulio la DusitD2 pale Riverside. Gari lenye magaidi walikuja nalo lilikuwa kati ya vitu vya kwanza makachero walifuata. Hutaki jina la mwanajeshi liwe kwa logibuku ya gari kama hilo.

Sasa tuingie kazi. Siku signali imefika, kabla upige picha hata moja, fungua akaunti ya NTSA kupitia eCitizen uangalie logibuku inasema nini. Kama gari lilinunuliwa na mkopo, utapata majina mawili, la mzee na la benki ama sacco. Masoja wengi huchukua mkopo Ulinzi Sacco, na deni lisipoisha, gari si lako pekee yako kuuza. Itabidi mmalize deni, ama mnunuzi alipe moja kwa moja kwa sacco, halafu watoe jina lao. Hii ndiyo hukula siku nyingi, ndiyo maana nimeiweka mbele. Na usidhani utaificha. Toka sheria ya mwaka wa 2017 ya mikopo ya mali zinazohamishika, kuna rejista yenye mnunuzi mjanja anaweza kuangalia kama ndai imewekwa dhamana mahali.

Jambo la pili ni la wamama, na naomba mnisikize. Kama logibuku iko kwa jina la mzee na mzee ashaenda, wewe huwezi kuuza kwa sababu tu ni bwanako na ufunguo unao. Unahitaji hati ya uwakili, iandikwe na wakili, isainiwe na isajiliwe kabla hajaondoka. Kuna wenye huacha tu paswad kwa karatasi. Shida ni hii: kodi ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa simu ya mwenye akaunti. Akiwa Somalia na laini imezimwa, hiyo paswad ni ya kupamba friji.

Bei nayo usiandike "tunahama, haraka sana." Hapo umejiuza. Sema tu unauza. Weka Jiji na Facebook, uliza mtaani Probox ama Vitz ya mwaka kama wako inaenda ngapi, na uweke nafasi kidogo ya kuteremka. Ukipeleka yadi, elewa venye wao hufanya: unawaambia unataka laki nne, wao wanaongeza yao juu. Hiyo ni biashara, si wizi. Lakini gari linaweza kaa hapo hadi muhame, kwa hivyo logibuku isilale kwao, na usikubali kusaini kitu chochote chenye jina la mnunuzi liko wazi.

Mtu akitaka kujaribu gari, iwe mchana, shika kitambulisho chake na uketi ndani naye. General Waruinge asubuhi ni jam tupu, nenda Jogoo Road. Na usimwite mnunuzi geti ya kambi. Raia haingii hivyo, na pia si kila mtu anafaa kujua mnafanya kazi gani.

Doh sasa. Kwa M-Pesa unatuma hadi 250,000 mara moja, na akaunti haiwezi kubeba zaidi ya 500,000, kwa hivyo gari la laki sita haliingii hapo lote. Mwende benki pamoja, aweke kwa akaunti yako, na usiamini meseji. Angalia salio mwenyewe. Hundi ya benki pia usishangilie hadi pesa iingie.

Mkiwa hapo hapo, andikeni makubaliano: majina, namba za vitambulisho, PIN za KRA, namba ya chesisi na ya injini, bei, tarehe, na saa. Saa ndiyo watu husahau. Gari likigonga mtu saa kumi na wewe ulipeana ufunguo saa nane, hiyo laini moja ndiyo itakuokoa. Shahidi mmoja kila upande asaini.

Halafu msiachane. Ingieni saiba, wewe uanzishe transfa kwa akaunti yako, yeye akubali kwa yake na alipe ada, yenye inategemea ukubwa wa injini. Sheria inasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kusajiliwa, kwa hivyo akikuambia "nitafanya mwezi ujao," anakuomba uvunje sheria naye. Mwenye hana akaunti afunguliwe hapo hapo. Mwenye hataki kabisa, mrudishie doh yake. Najua inauma na lori la kuhama liko mlangoni, lakini afadhali umwachie shemeji gari na hati ya uwakili auze polepole.

Bima haihami na gari. Pigia kampuni, katisha, na uulize kama kuna pesa ya miezi iliyobaki ya kurudishiwa. Toa stika ama pasi yoyote ya kambi kwa windskrini, na uangalie chini ya viti na buti, ju kofia na beji za kazi huwa zinasahaulika huko.

Wiki moja baadaye, ata kama mshafika Nanyuki, lipia NTSA wakupe rekodi ya hiyo namba. Jina jipya likitokea, chapisha hiyo karatasi na uiweke pamoja na makubaliano, na umwachie masa kopi Pumwani.