Nyuzi ngapi zinatosha? Bagamoyo ilijibu kabla ya remoti

Kwenye chumba chetu cha kusomea, sisi wanafunzi wa uzamili, kuna vita isiyoisha, na silaha yake ni remoti ya kiyoyozi. Mmoja anaingia kutoka juani, anashusha mpaka nyuzi 18. Nusu saa baadaye mwingine kajitanda mtandio, anapandisha hadi 26. Nilipomsimulia bibi yangu kule Bagamoyo, tumekaa barazani jioni, alicheka sana. "Yaani mjukuu wangu, mnanunua baridi halafu mnavaa sweta?"

Mwezi huohuo mjomba alitangaza kwamba nyumba ya bibi itafanyiwa ukarabati: makuti yatoke, mabati yaingie, madirisha yawe ya aluminiamu na vioo, kisha kiyoyozi chumbani kwa bibi. Nia njema kabisa. Ila mimi nikabaki na swali: watu wa mwambao huu waliishi vipi na joto kabla ya LUKU?

Twende kwanza Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo mjini. Magofu yake, misikiti na makaburi, mengi ni ya karne ya 13 hadi ya 16, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ujenzi huohuo ndio uliotumika Bagamoyo katika karne ya 19, mji uliponenepa kwa biashara ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kuta nene, dari iliyobebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu.

Ingia nyumba ya namna hiyo saa saba mchana, unahisi ubaridi mara moja. Ukuta mnene hunywa joto polepole, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kufika ndani. Hapa ndipo wengi tunaposhangilia na kusema wazee walijua kila kitu. Subiri kidogo. Joto lililonywewa mchana lazima litoke, na hutoka usiku. Jangwani si tatizo, maana usiku kuna baridi kali inayolifyonza. Pwani yetu usiku wa Februari haupoi sana, na hewa imejaa unyevu. Chumba cha mawe kisicho na upepo kinaweza kufukuta mpaka usiku wa manane.

Kumbe nyumba ya mnyonge, ya miti, udongo na makuti, ilikuwa na faida yake usiku. Haina uzito wa kutunza joto, na makuti yana hewa katikati ya tabaka zake, hivyo jua halipiti kirahisi na hewa moto inapenya juu. Nyumba ya mawe ilikuwa salama kwa moto na wezi, ikafaa bohari na duka, na ilionyesha mwenyewe ana uwezo. Kwa starehe ya usingizi, tajiri hakuwa lazima amshinde jirani yake.

Kilichounganisha nyumba zote mbili ni kivuli na upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi takriban Aprili hadi Septemba, na kwa Bagamoyo kaskazi hutoka upande wa bahari. Tatizo ni kwamba jua la asubuhi nalo linatoka mashariki hukohuko. Ukifungua ukuta unapata upepo pamoja na jua, ukiuziba unakosa vyote. Jibu lilikuwa baraza yenye paa lililojitokeza mbele: jua linazuiwa, upepo unapita. Hata mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walijenga nyumba yao yenye varanda.

Kiyoyozi chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1902 Willis Carrier alisanifu mtambo kwa kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, kwa sababu unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi. Binadamu alifuata baadaye. Mwaka 1970 Povl Ole Fanger wa Denmark alichapisha kanuni ya starehe ya joto, akitegemea majaribio ya wanafunzi waliokaa kwenye vyumba maalumu. Kanuni yake inahesabu vitu sita: joto la hewa, joto la kuta na paa, mwendo wa hewa, unyevu, nguo na kazi unayofanya. Ona kwamba remoti inagusa kimoja au viwili tu.

Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walichambua takwimu takriban 21,000 kutoka majengo 160. Wakaona kwamba watu wanaoweza kufungua madirisha na kubadili nguo hustarehe kwenye joto linalofuata hali ya nje. Chukua wastani wa joto la nje, zidisha kwa 0.31, ongeza 17.8. Kwa wastani wa nyuzi 28, unapata kama 26.5, na wengi huvumilia mpaka 30 hivi. Wakati wa kipupwe, wastani ukiwa 24, inashuka hadi 25 na ushee. Ndiyo maana Julai dereva wa bodaboda anavaa koti zito kwenye hali ambayo Mzungu angeiita kiangazi. Yeye kwao anagombania nyuzi ngapi za kupasha nyumba, sisi nyuzi ngapi za kupoza, na wote tunabishania namba ambayo mwili unaihamisha kila msimu.

Basi nikarudi kwa mjomba na hesabu. Shikamoo kwanza, halafu karatasi. Mabati hatukuyapinga, maana makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache na huwaka moto. Lakini karibu na ikweta paa ndilo linalopigwa jua zaidi, na bati jembamba hulishusha joto hilo moja kwa moja vichwani. Tukakubaliana liwekwe dari, na pengo la kutolea hewa moto juu yake. Madirisha ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo tukachagua ya kufunguka yote, yanayotazamana, yenye nyavu za mbu. Feni ya dari inakula umeme mdogo kuliko kiyoyozi zaidi ya mara kumi. Kiyoyozi kitasubiri, bibi akiumwa au joto likizidi, kitanunuliwa, na kitawekwa 26.

Ramani ya fundi ilikuwa imeifuta baraza ili sebule iongezeke. Bibi aliitazama, akaweka kidole pale pale. "Na mimi nitakaa wapi?"

Baraza imerudishwa.