Vikope na Maji katika Nyanda za Juu za Buha
Vikope, yaani trakoma, ni ugonjwa wa bakteria aina ya klamidia unaovimbisha utando wa ndani wa kope, na ukirudia kwa miaka mingi huacha makovu yanayoipinda kope ndani, nywele zake zikakwaruza konea, kioo cha mbele cha jicho, hadi kikafifia. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, katika miaka ya 1980 ulihusisha maradhi haya na nyuso chafu za watoto, na kunawa uso kunahitaji maji. Kwa hiyo historia ya macho ya Kibondo na Kasulu, wilaya za Buha, haitendewi haki ikitengwa na historia ya maji. Dawa ya azithromaisini huua bakteria. Kovu la konea hailiondoi.