Kwa nini hakuna takwimu za dini na kabila za Sombetini?

Kata ya Sombetini, katika Jiji la Arusha, ina wakazi wenye asili mbalimbali. Wapo Waarusha na Wameru, wenyeji wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru. Wapo pia Wamasai, Wachaga, Wapare, Warangi, Wairaqw na wengine waliofuata kazi na biashara mjini. Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengi wanaishi mtaa mmoja, mara nyingine nyumba moja.

Lakini ukiuliza kila kundi lina watu wangapi, hakuna takwimu rasmi inayokujibu.

Sensa iliacha lini kuuliza?

Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliuliza kabila na dini. Kwa upande wa dini, watu wa Bara waligawanyika karibu theluthi moja moja: Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza tena.

Serikali imekuwa ikieleza kuwa sensa ni ya kupanga maendeleo: zahanati au darasa hujengwa kwa kuangalia idadi na umri wa watu, si imani yao. Msimamo huo unaendana na Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza dini au kabila fulani.

Si wote walioridhika. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwataka waumini wagomee sensa hadi swali la dini lirudishwe. Walilalamika kuwa takwimu za dini zinatajwa hadharani ilhali hakuna aliyehesabu. BAKWATA iliwahimiza Waislamu wahesabiwe, na swali halikurudishwa.

Jirani zetu wanafanyaje?

Kenya huuliza yote mawili. Sensa yake ya 2019 ilihesabu Wakikuyu 8,148,668 na Waislamu milioni 5.1 kati ya watu milioni 47.5. Uganda nayo huuliza dini. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, iliondoa kabila kwenye vitambulisho.

Asilimia tunazosikia zinatoka wapi?

Nyingi hutokana na tafiti za sampuli. Kwa mfano, makadirio ya Pew yanayonukuliwa sana yanasema Wakristo ni takribani asilimia 63 ya Watanzania na Waislamu asilimia 34. Tafiti za Afrobarometer nchini kwa kawaida huhoji watu wapatao 2,400, wanane katika kila eneo lililochaguliwa. Idadi hiyo inatosha kukadiria hali ya taifa, lakini haiwezi kusema lolote kuhusu kata moja.

Daftari la kanisa au msikiti nalo si sensa. Mtu anaweza kuwa ameandikishwa kijijini Meru huku akiishi Sombetini. Majina pia hupotosha: Mollel na Laizer utawakuta kwa Waarusha na kwa Wamasai. Na mtoto wa Mmeru na Mrangi aandikwe wapi?

Kinachojulikana

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, kutoka 416,442 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la karibu nusu ndani ya miaka kumi, na ndilo linalobeba hoja ya maji, barabara na madarasa katika kata kama Sombetini.

Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia ya dini au kabila fulani katika kata yako, muulize mambo matatu: nani alihesabu, lini, na aliwauliza watu wangapi. Akishindwa kujibu, hayo ni makisio yake, na si haki kuyatumia kuamua nani agombee uongozi au nani ni mgeni mtaani.